Je, neno la kweli laweza kuwa ushuhuda wa uongo?



Tulipokuwa watoto wa katekisimu, amri ya nane ilitupendeza kuliko nyingine kwa sababu tuliiona nyepesi. Ya nne ilitugombanisha na wazazi, ya saba ilitusumbua kila mwaka majira ya maembe ya jirani; lakini ya nane tuliidhani ni jambo la kumaliza kwa neno moja: usiseme uongo. Ukiulizwa, jibu kama ilivyo, basi umeishika. Leo tumekuwa watu wazima, tena watu wenye kazi ya kuandika, na amri hiyo nyepesi ndiyo inayotunyima usingizi. Maana tumeona ya kuwa mtu aweza kurudia neno la jirani yake jinsi lilivyotoka kinywani, asiongeze herufi, asigeuze silabi, na hata hivyo awe amemshuhudia uongo.

Yawezekanaje? Neno liwe la kweli, na ushuhuda uwe wa uongo?

Tuliulizana hayo upya siku si nyingi zilizopita, rafiki yetu mmoja anayekusanya magazeti ya zamani ya muziki alipotuonyesha toleo moja la gazeti la vijana wa Marekani, jina lake Datebook, la mwezi wa Septemba 1966. Kwanza tulicheka. Gazeti la picha za wapiga gita wenye nywele ndefu, lawafaa nini Wakristu wa parokia? Lakini gazeti hilo liliwasha moto, moto wa kweli wenye kuni na moshi, na walioukoka moto ule wengi wao walikuwa Wakristu, nao walisema wamlinda Yezu. Basi habari hii ni yetu pia.

Kwenye ganda la mbele iko picha ya Paul McCartney, mmoja wa vijana wanne wa mji wa Liverpool, Uingereza, walioitwa The Beatles. Karibu na picha wamepanga semi fupi za watu mashuhuri, moja chini ya nyingine, kama mama wa sokoni apangavyo samaki mezani ili wapita njia wasimame. Toleo lile zima lilikuwa la namna hiyo: maneno makali juu ya mambo ambayo vijana na wazazi waligombania zamani zile, kama vita ya Vietnam, ulevi wa madawa na nywele ndefu. Kati ya semi za mbele imo moja ya John Lennon, mwenzake McCartney: kwamba hajui ni kipi kitakachotangulia kwisha, muziki wa roki ao dini ya Kikristu. Na ndani ya gazeti likachapwa neno lake lingine, ambalo ndilo lililozunguka dunia: kwamba wao Beatles sasa wapendwa kuliko Yezu.

Msomaji Mkristu akisikia hayo, damu yamchemka. Yetu pia ilichemka. Hata hivyo tuvumilie kidogo, tuulize maneno haya yalitoka wapi kabla ya kufika juu ya meza ile ya samaki.

Yalitoka London. Mwandishi mmoja wa habari, Bibi Maureen Cleave, aliyewafahamu vijana hao vizuri, aliandika juu yao mmoja mmoja katika gazeti la Evening Standard. Habari ya Lennon ilitoka tarehe 4 Machi 1966. Bibi huyo alikwenda nyumbani kwake Weybridge, nje kidogo ya London, akaona nyumba kubwa iliyojaa vitu vya mtu aliyepata feza nyingi upesi asijue azifanyie nini: vazi la kujigeuza sokwe, msalaba mkubwa wa altare, Biblia kubwa aliyoinunua katika mji wa Chester. Na katikati ya vitu hivyo, kijana wa miaka 25, tajiri, mwenye kuchoka na utajiri wake, anayesoma vitabu vingi juu ya dini bila mwalimu wa kumwongoza. Katika mazungumzo akasema ya kuwa dini ya Kikristu itapunguka na kwisha. Ya kuwa Yezu alikuwa mwema, lakini wanafunzi wake walikuwa watu wa akili nzito, nao ndio waliopotosha mambo. Kati ya maneno hayo ndipo lilipo neno lile la kupendwa kuliko Yezu. Ni mstari mmoja ndani ya habari ndefu.

Waingereza walisoma, wakakunja gazeti, wakaenda kazini. Walijua jinsi makanisa yao yalivyokuwa na viti vitupu siku ya Bwana, na jinsi wasichana walivyozimia mbele ya wapiga gita. Mtu aliyewaambia hayo aliwaambia waliyoyaona. Tena wao walisoma neno lile likiwa mahali pake, karibu na sokwe na Biblia, wakatambua ni maneno ya kijana asiyetulia. Hata Marekani yalikwisha kufika mapema. Gazeti la Newsweek liliyataja katika mwezi ule ule wa Machi, na tarehe 3 Julai gazeti la New York Times, katika sehemu yake ya siku ya Bwana, lilichapa mazungumzo ya Bibi Cleave na vijana wote wanne. Hakuna aliyewasha kiberiti.

Basi shikeni neno hili, maana ndipo penye fumbo: maneno yale yale, mwezi wa Machi hayakuunguza mtu, mwezi wa Agosti yakaunguza.

Ilikuwa hivi. Tony Barrow, aliyekuwa msemaji wa Beatles, aliwapa Datebook ruhusa ya kuchapa mazungumzo hayo, akidhani anawatendea vema vijana wake. Mwandishi mkuu wa Datebook, Art Unger, akachagua semi za kuweka mbele. Kisha mwishoni mwa Julai akatuma nakala kwa watu wa redio katika inchi za kusini mwa Marekani. Katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, watangazaji wawili wa redio, Tommy Charles na Doug Layton, wakatangaza kwamba hawatapiga tena nyimbo za Beatles, nao wakawaita watu walete sahani za santuri ziharibiwe. Redio nyingi nyingine zikafuata. Mahali pengi watoto na wazazi wakakusanyika kama kwenye sikukuu, wakatupa sahani na picha motoni. Katika South Carolina watu wa Ku Klux Klan walichoma sahani pamoja na msalaba. Tafakarini neno hilo: walichoma msalaba ili kumlinda Msulubiwa. Huko Afrika ya Kusini redio ya serikali ilikataza nyimbo za Beatles, na katazo lile lilidumu mpaka 1971.

(Tarehe 13 Agosti redio moja ya Longview, Texas, iliwasha moto mkubwa namna hiyo, na kesho yake radi ikapiga mnara wao. Wako waliocheka na kusema Mungu amejibu. Sisi hatusemi hivyo. Bwana wetu alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, aliwakataza wasikilizaji wake kuhesabu makosa ya wafu. Radi yapenda vitu virefu, na mnara wa redio ni mrefu.)

Tarehe 11 Agosti, huko Chicago, Lennon aliketi mbele ya waandishi wa habari. Alionekana mwenye hofu. Alieleza ya kuwa hakutaka kujilinganisha na Yezu, wala hakumpinga Mungu. Kama angalisema televisheni yapendwa kuliko Yezu, pengine hakuna ambaye angaliudhika. Akaomba radhi. Wale wa Birmingham wakaacha mpango wao wa moto. Gazeti la Vatikano, L'Osservatore Romano, likaupokea msamaha huo, likaonya tu kwamba mambo matakatifu si ya kuchezewa. Na mwaka 2008, miaka mingi baada ya Lennon kuuawa kule New York tarehe 8 Desemba 1980, gazeti hilo hilo likaandika kwamba neno lile lilikuwa majivuno ya kijana wa watu wa kazi aliyefikiwa na sifa asizozitazamia. Lakini safari ile ilikwisha kuharibika. Huko Memphis, tarehe 19 Agosti, mtu alirusha fataki ukumbini, na vijana wale wakatazamana ili waone ni nani kati yao amepigwa risasi. Tarehe 29 Agosti wakapiga San Francisco, na baada ya siku ile hawakufanya tena safari ya kupiga muziki mbele ya watu wenye kulipa.

Sasa turudi kwenye swali letu. Ni nani hapa aliyevunja amri ya nane?

Lennon? Ulimi hauna mfupa, na wake ulikuwa laini kupita kiasi. Alisema jambo zito kwa wepesi, naye aliwaita Mitume watu wa akili nzito pasipo kuwafahamu. Hatumtetei. Tukisema kweli, hata maneno yake mazima, yasiyokatwa, hayatupendezi. Wanaotaka kumfanya mtakatifu leo kwa sababu alionewa wanakosea kama wale waliomchoma. Lakini kosa lake ni kosa la kusema upesi, wala si ushuhuda wa uongo. Alisema alilofikiri.

Bibi Cleave? Yeye aliandika yote, na mahali pake. Barrow? Alikosa busara tu. Watangazaji wa Birmingham? Walirudia kilichochapwa. Na Unger? Hapo ndipo tunapokwama, kwa maana Unger, akiitwa mbele ya hakimu, aweza kuweka gazeti la London upande wa kuume na la kwake upande wa kushoto, akasema: Bwana Hakimu, onyesha herufi niliyoigeuza. Na hakimu hataiona.

Kila mkono ulipokea neno, ukalipitisha, ukiongeza si herufi bali joto kidogo. Hata lilipofika kwa mtoto mwenye kiberiti, lilikuwa kaa la moto, na hakuna aliyekumbuka kwamba lilipotoka nyumbani lilikuwa ukuni baridi.

Walimu wa Kanisa wanatufundisha kupima tendo kwa mambo matatu: tendo lenyewe, nia ya mtendaji, na hali ya mahali na wakati. Mtu akimpa mgonjwa wa sukari asali, ametoa kitu chema. Lakini kama ajua ugonjwa wake, hatuwezi kusema amempa zawadi. Vivyo hivyo neno. Mtakatifu Augustino alisema uongo umo katika nia ya kudanganya. Basi, tusimwulize mkata-neno kama herufi zake ni sawa. Tumwulize: ulitaka msikilizaji aamini nini? Ikiwa ulijua ya kuwa atamwona mtu mwenye kiburi anayejiweka juu ya Mungu, na ulijua ya kuwa mwenye neno alikuwa akilalamikia ama akibishania jambo lingine, basi wewe umesema uongo, ila umeusema kwa kinywa cha mwingine. Na huu ni uongo wenye ujanja kuliko ule wa kawaida, kwa sababu anayeulipa ni yule mwingine.

Tazameni jambo la kutetemesha. Bwana wetu mwenyewe, usiku wa kuhukumiwa, alishitakiwa kwa neno lililokatwa. Alikuwa amesema hekaluni ya kuwa wakilibomoa hekalu hili yeye atalisimamisha kwa siku tatu. Na Yohane atueleza ya kuwa alinena juu ya mwili wake. Mashahidi wakaja mbele ya Kuhani Mkuu na sentensi ile ile karibu nzima: hekalu lipo, siku tatu zipo. Ila sasa ni yeye aliyesema atalibomoa. Evanjili yawaita mashahidi wa uongo, ijapokuwa maneno mengi waliyoyaleta yalitoka kweli kinywani mwake. (Hatumlinganishi mpiga gita na Mwana wa Mungu. Msomaji apendaye kukata sentensi zetu, asianzie hapa.)

Kuna mtu atakayetupinga akisema: ninyi waandishi mwataka tusirudie neno lo lote mpaka tulirudie zima? Padri hawezi kuhubiri namna hiyo, hakimu hawezi kuhukumu, na mama hawezi kumweleza baba aliyoyasema mwalimu. Ni kweli. Kila kurudia ni kukata. Hata Yohane, akimaliza Evanjili yake, akiri ya kuwa yako mengi asiyoyaandika. Basi kukata si dhambi. Pengine tutasema: kata, lakini hata mwenye neno akilisikia ajitambue. Kipimo hiki chafaa siku nyingi, lakini si zote. Mkubwa aliyesema sirini kwamba atakula feza za zahanati, neno lake likitangazwa, atapiga kelele kuwa si yeye, si hivyo, mmenikata. Naye amekatwa kwa haki. Kwa hiyo yatupasa tuulize tena: yale niliyoyaacha, msikilizaji angaliyajua, je, angaligeuza hukumu yake? Kwa yule mkubwa, hapana. Kwa Lennon, twakiri, jibu ni nusu na nusu. Angalisoma yote, Mkristu wa Alabama angaliacha kumhesabia kiburi cha kujifanya Mungu. Lakini angalibaki na huzuni, kwa maana kijana yule kweli aliitabiria dini yake kifo. Sasa huzuni haiwashi moto, huzuni yakaa chini na kutafakari. Yamwandikia barua, labda yamwombea Rozari. Hasira ndiyo inayotafuta kiberiti. Gazeti liliwapa watu hasira mahali walipokuwa na haki ya huzuni.

Lakini neno lililotushika zaidi katika toleo lile si la Lennon. Tumekwisha kusema picha ya mbele ni ya McCartney. Neno la kwake nalo lipo pale pale, tena limewekwa juu ya lile la Lennon. Bibi Cleave alilipata mwezi ule ule wa Machi. McCartney alisema Marekani ni inchi mbovu, kwa sababu huko mtu mweusi, awaye yote, huitwa kwa tusi. Tusi lenyewe lilichapwa wazi juu ya ganda, nasi hatulirudii hapa.

Basi gazeti moja, ganda moja, maneno mawili ya vijana wawili wa kikundi kimoja. Moja lasema juu ya dini. Lingine lasema juu ya jirani mweusi. Likaenda kusini mwa Marekani, likafika Birmingham. Birmingham ni mji ambamo, tarehe 15 Septemba 1963, siku ya Bwana asubuhi, bomu liliwaua wasichana 4 weusi katika kanisa la Wabatisti la barabara ya 16. Mwaka 1966 hapakuwa bado na mtu hata mmoja aliyehukumiwa kwa mauaji yale. Wa kwanza alihukumiwa mwaka 1977. Hatusemi ya kuwa watangazaji wale wa redio walikuwa na sehemu katika damu ile. Kusema hivyo kungekuwa kuvunja amri tunayoieleza. Twasema tu ya kuwa gazeti lilifika katika mji ule likiwa na maneno mawili, na kelele kubwa iliyotoka pale ilikuwa ya neno moja. Neno lililotazama barabara zao wenyewe, wengi walilipita kama kuhani na Mlawi walivyompita yule mtu aliyelala njiani akivuja damu.

Hapo twaona ya kuwa msikilizaji naye hukata. Aliyeandika huchagua samaki wa kuweka mbele, lakini anunuaye naye huchagua, akaacha wale wenye miiba. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzoni mwa Mazoezi yake ya Roho, atuagiza tuwe wepesi kuliokoa neno la mwenzetu kuliko kulihukumu. Na kama hatuwezi kuliokoa, tumwulize yeye mwenyewe analielewa namna gani. Tumwulize yeye mwenyewe! Ni wangapi kati ya waliotupa sahani motoni waliokuwa wameisoma habari ile nzima? Wengi walisikia redio, na jirani akasikia kwa jirani.

Na kwetu? Twajua wote redio-trotwari, ile redio isiyo na mnara ambayo radi haiwezi kuipiga. Siku hizi imepata simu. Sauti ya mtu ya saa nzima yakatwa ikabaki nafasi ya kupiga chafya, ikatumwa Bukavu, ikasikiwa Lubumbashi kabla mwenyewe hajanywa maji. Tuliona katika parokia moja Padri akihubiri ya kuwa afadhali mtu abaki nyumbani kuliko kuja Misa na panga la kulipiza kisasi moyoni, bila nia ya kupatana. Ilipofika saa kumi, mtaa mzima ulijua ya kuwa Padri amewakataza watu kuja Misa. Ni nani aliyedanganya? Maneno «afadhali mtu abaki nyumbani» aliyasema kweli.

Wasomaji, tungaliweza kukomea hapo, tukiwahukumu Wamarekani wa zamani na vijana wenye simu. Lakini iko habari yetu wenyewe, na bila kuisimulia makala hii nayo ingekuwa neno lililokatwa.

Miaka kadhaa iliyopita tulimwendea katekista mmoja mzee, mtu aliyewafundisha ubatizo wazazi na watoto na wajukuu. Tulikaa naye karibu saa mbili chini ya mwembe wake. Alitueleza jinsi vijana wa kwaya walivyomsaidia kuezeka kapela baada ya upepo mkali, jinsi wengine walivyochimba kaburi usiku wa mvua kwa ajili ya mjane asiye na ndugu. Alisema pia, akicheka kidogo, ya kuwa wazee wenzake kila siku humwambia vijana wa siku hizi hawana dini, naye huwajibu: labda ni sisi tulioificha. Yalikuwa mazungumzo mazuri. Tulirudi tukiwa na kurasa 9 za daftari.

Nafasi katika gazeti ilikuwa ndogo. Tukakata. Tena tulitaka kichwa cha habari kitakachowafanya watu wasimame. Juu ya picha yake tukaandika kwa herufi kubwa: «Vijana wa siku hizi hawana dini.» Chini tukaweka jina lake. Ile sehemu ya «wazee wenzangu huniambia» haikuingia katika mstari. Ya kapela ilibaki, kwa ufupi. Ya kaburi haikubaki.

Baada ya siku 10 alikuja ofisini kwa miguu, gazeti likiwa limekunjwa chini ya kwapa. Tulimkaribisha kiti, hakuketi. Tukamwambia, kwa upole na kwa ujinga: «Baba, maneno haya si uliyasema?» Akalifungua gazeti, akaweka kidole juu ya herufi zile kubwa, akasema: «Maneno ni yangu. Lakini aliyesema si mimi.» Kisha akatuambia ya kuwa siku ya Bwana iliyopita alikwenda kufundisha na vijana wa kwaya hawakuja. Walimtuma mmoja tu, mdogo kuliko wote, aje kumwuliza ni kosa gani walilomfanyia.

Tuliomba radhi. Katika toleo lililofuata tukachapa maneno yake yote tuliyoweza, pamoja na kaburi na mjane, katika ukurasa wa 7, kwa herufi ndogo, maana ukurasa wa mbele ulikwisha kutolewa kwa habari ya Askofu. Toleo la kwanza lilituletea barua nyingi. Hili la pili halikuleta hata moja.

Vijana wa kwaya walirudi baada ya mwezi, si wote. Lakini watoto wa mtaa walikwisha kumpa jina, na watoto hawasomi ukurasa wa 7. Walimwita Baba Hawana-Dini, wakimsalimu kwa heshima kabisa, mikono miwili, bila ubaya wo wote, mpaka mwaka tuliomzika.